KERI YA AMI: Haina kadi, haina nembo, nitaijuaje ni gari gani?

Asalam aleykum wasomaji. Mara hii meseji nyingi zilizoingia ni za hizi gari ndogo za mzigo za Kijapani, wengine mnaziita keri, wengine kirikuu kama wenzetu wa bara. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu mana wengi mmeuliza hayo hayo kwa maneno tofauti.

SWALI: Fundi asalam aleykum. Mie niko Wete. Ami yangu alifariki akatuachia keri yake, iko chini ya mwembe muda mrefu haijawashwa. Alikuwa anabebea mwani kutoka pwani. Wakubwa wamesema nichukue mimi kama nitaweza kuitengeneza. Sasa shida, kadi haionekani, nembo ya mbele haipo, mlangoni kuna maandishi ya Kijapani tu. Fundi mmoja kasema Suzuki, mwengine kasema Mazda, wa tatu kasema Hijet. Dukani kwenye spea wananiuliza ni ya mwaka gani, sijui niwajibu nini. Nianzie wapi? Mie nilikuwa nataka nianze kuipiga rangi ya bluu halafu ndo nishughulike na injini.

JIBU: Waaleykum salaam kijana, Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Rangi iweke mbali kwanza, tutaifikia.

Hao mafundi watatu usigombane nao, mana wawili kati yao wanaweza kuwa wamesema kweli kwa pamoja. Mazda Scrum ni Suzuki Carry ile ile, inatengenezwa na Suzuki inabandikwa nembo ya Mazda, tangu 1989 wanafanya hivyo. Na si hiyo peke yake, Toyota Pixis Truck ni Daihatsu Hijet, na Nissan Clipper ya zamani ilikuwa Mitsubishi Minicab halafu kuanzia 2013 ikawa Suzuki. Sambar mpya ya Subaru nayo ni Hijet, Subaru wenyewe waliacha kuunda yao 2012. Kwaio nembo hata ingekuwepo isingekwambia kitu kamili, na hizi gari zetu mara nyingi nembo imetoka gari nyengine kabisa, mtu kaiona nzuri kaibandika.

Anza na siti. Nyanyua siti zote mbili utizame chini. Ukiikuta injini hapo basi hiyo ni Suzuki, au Daihatsu, au Mitsubishi, pamoja na hao ndugu zao niliowataja. Ukikuta hakuna injini, ingia chini kwa nyuma. Kama iko katikati chini ya bodi, mbele kidogo ya eksili ya nyuma, hiyo Honda Acty. Kama iko nyuma kabisa, imepita hata eksili, hiyo Sambar ya Subaru. Hapo tu kwa dakika mbili ushapunguza ubishi nusu.

Halafu tafuta namba ya chesesi. Gari zilizouzwa Japani kwenyewe hazina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ambayo duka la mtandaoni linakuuliza, zina herufi chache, kistari, halafu namba ya mfululizo. Kuna kibati kidogo ndani ya kebini, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au nyuma ya siti au chini yake, na namba yenyewe imegongwa kwenye chuma cha chesesi, tizama upande wa kulia karibu na tairi. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, sugua taratibu, usitie grainda hapo hata siku moja. Namba ikishatokea piga picha, paka grisi juu yake iachwe.

Sasa unasoma herufi za mbele. Kama ni Suzuki na imeanza na ST, hiyo ni ya zamani, kwa zilizouzwa Japani ni kabla ya 1985. DA71T au DB71T ni za kuanzia 1985, injini yake F5A ya cc 543. DC51T na DD51T ndo zile zilizojaa, zilitoka 1991 zikaendelea mpaka 1999, injini F6A ya cc 657. Baada ya hapo zikaja DA52T na DB52T, halafu DA62T, DA63T ya 2002, na DA16T ya 2013. Ile T ya mwisho ni ya bodi ya mzigo, ukikuta V ni ya vani. DC51T inasukuma tairi za nyuma tu, DD51T inasukuma zote nne. Scrum nyingi za kuanzia 1999 utaziona DG52T, DG62T, DG63T, ukiisoma hivyo nenda ukaombe spea za Carry yenye tarakimu zile zile usipate tabu.

Ikiwa ni Hijet itaanza na S: S82P na S83P ni za 1990, S100P na S110P za 1994, S200P na S210P za 1999. Acty ni HA, kama HA3 na HA4 za 1990 au HA6 na HA7 za 1999. Sambar KS3, KS4, halafu TT1 na TT2. Minicab U41T, U42T, kisha U61T, U62T.

Mwaka kamili hiyo namba haikutajii peke yake, inakupa kipindi tu. Ukitaka kuukaribia zaidi vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini kabisa kuna kitambaa kimeshonwa na mara nyingi kina tarehe uliyotengenezwa, gari haiwezi kuwa imetoka kabla ya mkanda wake, ila hakikisha mkanda haujabadilishwa. Halafu fungua mlango wa dereva utizame nguzoni, Wajapani wana tabia ya kubandika stika ya kumwaga oili, imeandikwa kilomita na tarehe. Tarehe zao nyengine zinahesabu kwa utawala wa mfalme wao. Ukiona H 8 hiyo Heisei ya 8, jumlisha 1988 unapata 1996. Ukiona S ni Showa, jumlisha 1925, kwaio S 63 ni 1988. Hayo maandishi ya mlangoni usiyakwangue bado, mara nyingi ni jina la duka au la shamba la mwenyewe wa kwanza, na ukiyapiga picha kwa simu inayotafsiri utajua gari imetokea mji gani. Ikitokea mji wa barafu jua chini kulikuwa na chumvi kabla haijafika Pemba, wenzetu wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu.

Na kama kibati hakipo na namba imeliwa, chukua futi ya fundi cherehani. Serikali ya Japani inaweka mpaka wa ukubwa wa gari za daraja hili. Kuanzia 1976 ilikuwa urefu mita 3.2 na injini cc 550, mwaka 1990 wakapandisha mita 3.3 na cc 660, mwisho Oktoba 1998 wakaruhusu mita 3.4 kwa upana wa mita 1.48. Watengenezaji wanajaza mpaka ule hadi sentimita ya mwisho, kwaio ukipima ukapata 3.29 ushajua ni ya miaka ya tisini. Hakikisha tu bampa ni la kwake.

Haya, gari ushaijua. Kabla hujatia hata shilingi, maliza mambo ya mirathi. Kauli ya wakubwa barazani ni nzuri ila warithi ni wengi, na gari ikishang'ara kila mtu atakumbuka fungu lake. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wakuelekeze, upate karatasi, na hizo karatasi ndo zitakusaidia pia kwenye usajili kutafutiwa kadi kwa ile namba ya chesesi uliyoipiga picha.

Sasa chini ya gari. Umesema ilibeba mwani na hapo ndo nimekaa vizuri kwenye kiti. Mwani mbichi unapakiwa unachuruzika maji ya bahari, yanapita kwenye nafasi ya bodi na kebini, yanapita kwenye bawaba za milango ya bodi, yanateremka mpaka ndani ya chesesi ambayo ni mrija, yanakaa humo. Nje unaona chuma kizima na rangi yake nyeusi. Chukua nyundo ndogo ulale chini, gonga kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa kishindo kizito na vumbi jekundu linakumwagikia usoni, kwaio vaa miwani. Pahala pa kugonga zaidi ni pale bodi inapofungwa kwenye chesesi kwa bolti, pale springi za nyuma zinaposhika, na pale betri inapokaa. Pale penye vyuma viwili vimelaliana kutu inabanduka tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma, na ukiivuta kwa bisibisi ndo utajua kilichobaki ni chuma au ni imani. Ndani nyanyua mkeka wa miguuni, halafu tizama pembe za kebini nyuma ya milango na ukingo wa chini ya kioo cha mbele.

Ukikuta imeoza springi zinaposhika pande zote mbili, na pembe za kebini zimekwenda, na sakafu unaiona ardhi, mie nakwambia kweli hiyo iuze spea. Injini, giaboksi, difu, milango, taa, vyote vina wateja. Itakuuma kwa sababu ya ami lakini chesesi iliyokwisha ukiichomelea juu juu itakukatikia na mzigo kwenye mlima.

Ikiwa imeoza vipande, kata mpaka ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa, fundi wa kuchomelea atie bati lisilopungua unene wa lile la asili, asiweke kiraka juu ya kutu. Tangi la petroli litolewe kabisa, sio kufunikwa na gunia la maji, litolewe. Betri ivuliwe. Na kipande chenye namba ya chesesi kisikatwe wala namba isigongwe upya, hiyo utaonekana mwizi hata kama gari ni halali yako. Kilichosafishwa kipake rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, hewa yetu hii ukikiacha kilale usiku mmoja asubuhi kishakuwa rangi ya machungwa. Ndani ya mrija wa chesesi mwagia oili au nta kwa kutumia mpira mrefu.

Baada ya kutu ni breki, si injini. Gari iliyokaa hivyo wili silinda, zile pampu ndogo za breki kwenye tairi, zimeganda, paipu za breki zimeliwa na chumvi, breki shu zimeshikana na drami. Badilisha paipu zote chakavu, fungua silinda zote, mafuta ya breki mapya, usijaribu kuokoa ya zamani. Mtu anawasha gari anafurahi anaiingiza gia, halafu anakumbuka breki akiwa ashafika mtaroni.

Ndo sasa injini. Usiirukie na betri ya kuazima. Toa plagi zote, tia oili kidogo kila tundu, iache mpaka kesho. Halafu zungusha kwa spana kwenye puli ya mbele, kwa mkono, bila ya nguvu za kijeba. Ikizunguka mashaallah. Mwaga petroli ya zamani yote, safisha bakuli la kabureta, oili mpya na filta. Taiming belti badilisha kabla ya kuwasha. F6A ya Suzuki, E07A ya Honda, EF ya Daihatsu, zote hizo zinatumia belti, na kawaida yake ni kilomita laki moja, lakini belti ya mpira iliyokaa miaka kwenye joto haihesabiwi kilomita. K6A ya Suzuki iliyokuja baadae ni cheni. Piga stata plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izimike, ndo urudishe plagi uwashe.

Ikiwaka, pima kompresheni, yani nguvu ya injini kubana hewa, silinda zote. Zikikaribiana, hata kama zimeshuka kidogo, gari inafanya kazi. Moja ikiwa chini sana tia kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena, ikipanda tatizo ni ringi, isipopanda tatizo ni valvu au gasketi ya hedi. Hapo ndo utajua kama unafungua injini au unanunua nyengine, sio kwa kusikiliza mlio na kutikisa kichwa.

Waya za umeme nimezipita ila angalia za taa za nyuma, chumvi inazifanya kijani.

Na sasa rangi yako ya bluu. Puti isiwe pahala pa bati, puti ni ya kusawazisha tu, ukijaza tundu kwa puti baada ya mvua za masika litafura. Kwenye kile kibati kuna namba ya rangi ya asili, Suzuki nyingi nyeupe ni 26U, ukimpa fundi namba hiyo anapata rangi ile ile. Ukishikilia bluu ni sawa, gari yako, ila rangi inaandikwa kwenye kadi kwaio ukaripoti. Mie ningeiacha nyeupe. Halafu ukianza kubeba mwani tena weka turubali zito chini ya mzigo na kila jioni mwagia maji baridi bodi na chini, maji ya kisima yasiyo chumvi.

SWALI: Fundi mie niko Paje nna Honda Acty nabebea mboga na maji ya hoteli. Inachemsha. Fundi kasema thamostati ndo mbaya kaitoa, sasa inachemsha tena na petroli imezidi kula. Rejeta nimebadilisha. Nifanyeje, niuze?

JIBU: Usiuze bado dada yangu, au kaka, hukuandika jina. Acty injini iko kati rejeta iko mbele, maji yanasafiri kwenye paipu ndefu chini ya gari kwenda na kurudi. Kila yakimwagwa hewa inaingia na inakwama njiani, ukitia maji kwenye rejeta inaonekana imejaa kumbe injini imekaa kavu. Mwambie fundi wako atafute sehemu ya kutolea hewa kwenye injini, mbele ya gari inyanyuliwe kidogo, injini iwashwe na hita ya ndani iwekwe kwenye moto, atie maji taratibu mpaka mapovu yaishe. Halafu alale chini azitizame zile paipu, za chuma zinaliwa na kutu kwa ndani na kwa nje, na huko kwenu pwani ndo kabisa. Tundu dogo halitoi maji gari ikiwa baridi, linatoa ikipata presha tu, kwaio hamulioni.

Thamostati irudishwe, ni kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Bila ya thamostati injini haifiki joto lake, ndo mana petroli inakwenda. Mfuniko wa rejeta pia badilisha, ni kitu cha bei ndogo na hakuna anaeukumbuka. Na usitie maji ya bomba ya huko yenye chumvi, tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Sambar nayo ni hivyo hivyo, tena paipu zake ndefu zaidi.

SWALI: Kaka habari, nipo Mwanakwerekwe. Keri yangu DD51T haina nguvu ikiwa na mzigo. Kuna mtu ananiuzia injini ya cc 1000 ya Suzuki anasema inakaa bila kubadilisha kitu. Nikachukue? Na pia nikipiga kona ikiwa kwenye four-wheel usukani unakuwa mzito na tairi zinaruka.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hiyo atakuwa anakusudia F10A, ya cc 970, Suzuki waliitia kwenye Carry walizouza nje ya Japani. Ni ukoo mmoja na yako na watu wameziweka, lakini "bila kubadilisha kitu" ni maneno ya muuzaji. Swali langu mimi ni hilo la mzigo. Gari hii kwa sheria ya kwao inabeba kilo 350, hiyo ni mifuko saba ya saruji. Wewe unapakia mingapi? Ukiongeza injini hukuongeza breki wala eksili wala chesesi. Kwanza pima kompresheni, tizama klachi kama inateleza, filta ya hewa, na ekzosi kama haijaziba. Nyingi zinazoitwa hazina nguvu zinapata nafuu hapo hapo. Ukibadilisha injini basi namba yake iingie kwenye kadi.

Four-wheel itoe ukiwa kwenye lami, yakhe. Ya gari hii inafunga tairi za mbele na za nyuma zizunguke sawa sawa, na kwenye kona za mbele zinapita njia ndefu zaidi, sasa pahala pa kuteleza hakuna ndo mana zinaruka. Ni ya matope na mchanga. Ukiendelea hivyo utavunja giaboksi.

SWALI: Tairi gani nitie kwenye keri? Dukani Chake wananipa za gari ndogo size inakaribiana, bei rahisi.

JIBU: Tafuta 145R12 yenye maandishi 6PR au 8PR ubavuni, hiyo PR inaonyesha nguvu ya tairi kubeba mzigo. Zile za zamani zaidi zinavaa 5.00-12. Ya gari ndogo itaingia kwenye rimu lakini haikuundwa kwa mzigo, ubavu wake laini, ukipakia inakaa na inapata moto mpaka inapasuka. Kama dukani hawana ya PR waagizishie Unguja usubiri, na uangalie tarehe yake, tarakimu nne ndani ya kiduara ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka.